Goti la Mwendesha Bodaboda

Leo hatutazungumza juu ya chanjo wala kuhara. Leo ni zamu ya goti. Na nitaanza na historia ya baiskeli, kwa sababu huwezi kulielewa goti la kijana wako kama huijui kazi iliyoliumiza.

Kazi ya bodaboda ilianzia karibu nasi, pale Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Kati ya kizuizi cha upande wa Kenya na kile cha upande wa Uganda palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili. Kupita hapo na gari kulihitaji makaratasi mengi, na kutembea na mizigo kulichosha. Vijana wenye baiskeli wakaona riziki. Waliweka mto juu ya keria, wakawa wanaita abiria kwa maneno mawili ya Kiingereza yaliyobanwa yakawa ya Kiswahili: boda, boda, yaani kutoka mpaka hadi mpaka. Jina likabaki hata kazi ilipohama mpaka.

Kufikia miaka ya 1990 baiskeli hizo zilikuwa zimejaa Bungoma, Webuye na Kitale. Ajira zilikuwa zimepungua, watu walikuwa wamepunguzwa kazini, na kijana aliyemaliza shule bila karo ya kuendelea alihitaji kitu cha kufanya kesho asubuhi. Aliyekuwa na baiskeli yake alijiona tajiri. Asiyekuwa nayo alikodi ya mtu, na jioni alimpelekea mwenye baiskeli fedha zake, awe amepata abiria au hakupata. Jambo hili la fedha za kila jioni mlikumbuke, mama, kwa sababu ndilo lililoharibu magoti mengi kuliko kuanguka kwenyewe.

Sasa iangalie ile baiskeli. Nyingi zilikuwa zile nyeusi nzito tulizoziita Black Mamba, kilo 20 hivi, gia moja tu, breki za vyuma. Ziliundwa kumbeba mtu mmoja kwenye barabara ya kawaida. Sisi tukazibebesha mama na mtoto, au gunia la mahindi la kilo 90 kutoka shambani. Kwenye mlima mwendeshaji husimama juu ya pedali na kusukuma kwa goti moja, kisha lingine. Lakini nataka niwaambie jambo ambalo wengi hawalijui: kukanyaga pedali si ndiko kunakokata kano za goti. Pedali huzunguka njia moja, goti halipindwi. Kinachokata ni kusimama. Mwendeshaji anafunga breki, anateremsha mguu mmoja chini kuishika baiskeli, na wakati huohuo abiria anaruka au anaegemea upande. Baiskeli inalala, mwili unageuka nayo, na mguu umekwama kwenye tope. Paja linakwenda huku, muundi umebaki kule. Hapo ndipo kijana husikia mlio ndani ya goti, kama kijiti kikavu kimevunjika.

Mwaka wa 2008 serikali ya Kenya iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo zisizozidi sisi 250. Pikipiki zikamiminika na baiskeli zikaanza kuondoka kwenye steji za mjini, ingawa vijijini bado ziko. Jina la bodaboda likahamia kwenye pikipiki. Goti halikupata nafuu yoyote, maana pikipiki ikilala juu ya mguu ina uzito mara nyingi zaidi, na mwendo ni wa kasi.

Goti lenyewe likoje? Chukua mlango wa nyumba na bawaba zake. Mlango hufunguka na kufungika, haukuundwa kupindwa. Goti ni hivyo. Mfupa wa paja umekaa juu ya mfupa wa muundi, na kinachoifunga mifupa hii isiteleze ni kano nne, kama kamba ngumu. Mbili ziko pembeni, moja kila upande. Mbili ziko ndani kabisa katikati, zimepishana kama herufi X. Kati ya mifupa kuna vipande viwili vya gegedu vinavyofanya kazi ya mito. Kano ya mbele katika zile zilizopishana ndiyo hukatika mara nyingi goti linapopindwa. Ikikatika kabisa, kwa kawaida haijiungi vizuri yenyewe kama mfupa unavyojiunga. Na eksirei haiioni, kwa sababu eksirei huonyesha mifupa. Kwa hiyo mtu akikuambia "picha ni safi, hakuna shida," ujue ameuzungumzia mfupa tu.

Haya nayajua kwa sababu yalifika nyumbani kwetu. Mwaka wa 1998, msimu wa mvua, mdogo wangu alikuwa na umri wa miaka 22 na alikuwa akibeba abiria kutoka Kanduyi. Siku hiyo alimbeba mama mmoja mwenye kikapu cha ndizi. Lori la miwa likawapita karibu, akafunga breki, mama akaruka kwa hofu, na ikawa kama nilivyoeleza. Goti lilivimba kabla ya jua kutua. Mama yetu alifanya alichofundishwa na mama yake: akachemsha maji yenye chumvi, akakanda kwa nguvu zote. Jirani mmoja, mzee anayejua mifupa, akauvuta mguu ili "urudi mahali pake". Mdogo wangu alilia kama mtoto. Siku ya tatu tukampeleka hospitali, wala sitaitaja. Wakapiga picha, wakasema mfupa ni mzima, wakamfunga plasta kutoka paja hadi kifundo cha mguu, majuma 6.

Plasta ilipotolewa, paja lilikuwa limekonda kama mkono. Goti lilikataa kukunjika na likakataa kunyooka. Hakuna aliyemwambia afanye mazoezi gani. Na kule nje, mwenye baiskeli alikuwa amehesabu jioni zote 42. Baada ya majuma matatu mdogo wangu alirudi steji. Goti likamtoka akiwa na abiria nyuma, safari hii bila tope wala lori, kwenye barabara kavu. Nadhani ndiyo siku aliyoiharibu gegedu, kwa sababu tangu hapo goti lilikuwa likifunga katikati ya hatua, kama mlango uliokwama. Mama alijilaumu miaka mingi. Mimi simlaumu. Hata waganga wakubwa wa dunia walichukua muda mrefu kulielewa goti hili, na ndiyo historia ninayotaka kuwapa sasa.

Mwaka wa 1845, huko Lyon nchini Ufaransa, daktari Amédée Bonnet aliandika kwamba mgonjwa ambaye mfupa wake haukuvunjika, lakini alisikia mlio, goti likajaa damu na mguu ukakosa kazi, huyo kano zake zimeumia. Dalili tatu, bila chombo chochote. Mama anayekaa Misikhu leo anaweza kuzitumia dalili hizo akiwa jikoni kwake: je, alisikia mlio? Je, goti lilivimba ndani ya saa chache? Je, anaweza kuukanyagia mguu? Uvimbe unaokuja upesi hivyo mara nyingi ni damu ndani ya goti.

Mwaka wa 1895, katika mji wa Leeds nchini Uingereza, daktari Arthur Mayo Robson alimpasua mchimba migodi wa miaka 41 aliyeangukiwa na udongo, akazishona kano zote mbili zilizopishana. Miaka 6 baadaye mgonjwa alisema mguu wake una nguvu. Lakini kushona kamba iliyochanika hakukuwasaidia wengi. Mwaka wa 1917 Ernest Hey Groves wa Bristol akajaribu njia nyingine: alichukua ukanda kutoka upande wa paja la mgonjwa mwenyewe, akaupitisha gotini uwe kano mpya. Wazo hilo la kumtengenezea mtu kano kwa sehemu nyingine ya mwili wake ndilo linalotumika mpaka sasa. Tofauti ni kwamba leo hufanywa kupitia matundu madogo na kamera, njia ambayo Wajapani, kama daktari Masaki Watanabe wa Tokyo, waliitangulia.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, baada ya kazi hiyo nzuri ya kisu, goti lilifungwa plasta majuma mengi. Madaktari waliogopa kwamba likitikisika litaharibika. Ndipo nchini Marekani, katika mji wa Indianapolis, daktari Donald Shelbourne alipogundua jambo la kuchekesha kidogo. Alipowachunguza wagonjwa wake, wale wakaidi walioanza kutembea na kukunja goti kabla ya muda waliopewa walikuwa wamepona vizuri kuliko watiifu. Mwaka wa 1990 yeye na mwenzake waliandika juu ya matibabu mapya: goti linyooshwe mapema, likunjwe mapema, mgonjwa akanyage mapema. Hiyo ilikuwa miaka 8 kabla ya plasta ya mdogo wangu. Habari nzuri hutembea polepole kuliko baiskeli.

Kuna habari nyingine ambayo ni muhimu zaidi kwetu sisi tusio na fedha za upasuaji. Mwaka wa 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya watu 121, vijana wenye maisha ya kukimbia na kucheza, waliokatika kano ya mbele ya goti. Waligawanywa kwa kura. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi. Kundi la pili, watu 59, lilianza na mazoezi pekee, na anayeona goti bado linamtoka angepasuliwa baadaye. Baada ya miaka miwili makundi yote mawili yalikuwa na hali iliyolingana, na katika wale 59 ni 23 tu waliokuwa wamehitaji upasuaji wa kano. Baada ya miaka mitano karibu nusu walikuwa bado hawajapasuliwa. Maana yake si kwamba upasuaji ni kazi bure. Wapo wanaouhitaji, hasa ambao goti huendelea kuwatoka, au gegedu imechanika na goti linafunga. Maana yake ni kwamba kijana wako aliyeanza mazoezi bila kusubiri fedha za kisu hajapoteza chochote. Na mazoezi hayo yanaweza kufanyiwa kwenye mkeka.

Basi tuje nyumbani. Siku ameumia, usikande kwa nguvu na usichemshe maji. Joto na kukandwa siku za kwanza huongeza damu ndani ya goti. Lowesha kitambaa kwa maji baridi ya mtungini, funika goti kwa dakika 15 hivi, rudia mara kadhaa kwa siku. Mguu uinuliwe juu ya mto. Usimruhusu mtu kuuvuta. Akikanyaga, ashike gongo.

Kuna hali isiyosubiri hata saa moja, nayo naomba mama uisikie vizuri. Nyuma ya goti unapita mshipa mkubwa wa damu. Goti likitenguka kabisa, mshipa huo unaweza kukatika au kubanwa. Gusa vidole vya mguu ulioumia, kisha uguse vya mguu mwingine. Vikiwa baridi, vimepauka, vimekufa ganzi au havisogei, tafuta gari usiku huohuo. Mguu uliokosa damu huokolewa kwa saa chache tu, hauwezi kungoja kupambazuke. Vilevile nenda hospitali kama goti lina jeraha, kama ni la moto na ana homa, au kama siku zijazo ndama ya mguu inavimba na kuuma, maana huenda damu imeganda. Akibanwa na kifua au akishindwa kupumua, kimbia.

Kwa yasiyo ya dharura, mtaalamu wa mazoezi ya viungo yupo katika hospitali za rufaa za kaunti zetu, Kitale na Bungoma. Mwombe akuonyeshe mazoezi wewe mwenyewe mlezi, si kijana peke yake. Akihitaji kipimo cha MRI au daktari bingwa wa mifupa, wengi wetu huelekezwa Eldoret, Hospitali ya Moi ya Mafunzo na Rufaa. Na tangu Oktoba 2024 kadi ya NHIF haitumiki tena, ni SHA. Kijana wa bodaboda hujiona hawezi kuumia, kwa hiyo muulize leo kama amejisajili.

Zoezi la kwanza ni kunyoosha. Kunja leso iwe kama mkate, iweke chini ya kisigino, goti libaki hewani, kisha akaze paja na kulisukuma goti kuelekea mkekani. Ahesabu hadi tano, aachilie. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni. Goti lisilonyooka hubaki likichechemea maisha yote, kwa hiyo usilionee huruma kwa kuliwekea mto chini siku nzima. Linakaa limekunjika nalo linazoea. La pili ni kuteleza kisigino: mfuko wa plastiki au kitambaa chini ya kisigino, kwenye sakafu laini, auvute mguu taratibu kuja kwake. Maumivu kidogo yanaruhusiwa. Uvimbe ukizidi kesho yake, ujue jana alizidisha, apunguze. La tatu ni kuinua mguu mzima ukiwa umenyooka. Baadaye, mtaalamu akikubali, asimame ameshika fremu ya mlango, aketi nusu na kuinuka, na mwisho asimame kwa mguu mmoja wakati wewe unapika ugali.

Kuna jambo ambalo vitabu vya huko ng'ambo haviliandiki. Choo chetu ni cha kuchuchumaa. Goti lililovimba haliwezi kuchuchumaa, na kijana mwenye haya atajizuia kula na kunywa ili asiende. Chukua kiti cha zamani, toboa tundu katikati, kiweke juu ya shimo. Hakuna haja ya kumwambia mtu.

Chakula ni kilekile cha kujenga mwili: maharagwe, mayai, omena, maziwa. Dawa ya maumivu, paracetamol inatosha wengi. Zile kali za dukani za maumivu na uvimbe huumiza tumbo zikimezwa bila chakula au kwa majuma mengi.

Na baiskeli? Hapa mwendeshaji ana bahati kuliko mcheza mpira. Kwa sababu pedali haipindi goti, baiskeli yenyewe ni dawa inayotumika katika vituo vya mazoezi duniani kote. Goti likikunjika vya kutosha kuzungusha pedali, na mtaalamu akikubali, anaweza kuanza. Inua kiti juu. Iwekwe kwenye stendi, gurudumu likiwa hewani, akanyage dakika 5, kesho 7. Kisha barabara ya tambarare, peke yake, keria tupu. Abiria ni mwisho kabisa, kwa maana tumeona ni kusimama na abiria kunakokata kano. Aliyepasuliwa hungoja miezi 9 au zaidi kabla ya kazi ya kupindapinda. Katika utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2016, kila mwezi wa kungoja hadi ule wa tisa ulipunguza hatari ya kuumia tena kwa karibu nusu.

Nao mabinti tusiwasahau. Eneo letu linajulikana kwa soka ya wasichana; shule ya Wiyeta kule Trans Nzoia ni mfano. Msichana anayeruka na kugeuka uwanjani hukatika kano hii kwa urahisi kuliko mvulana. Akirudi likizoni na goti limevimba, usimwambie ni uvivu wa kuteka maji.

Nimebakiza zile fedha za jioni. Mdogo wangu hakurudi steji kwa ujinga. Alirudi kwa deni. Chama cha akina mama kilichoweka kando kitu kidogo kwa ajili ya mwanachama ambaye mtoto wake ameumia kinaweza kumnunulia goti muda wake. Vikundi vya steji navyo vingine huchangiana. Mtu mzima na aende mapema kwa mwenye chombo, amweleze mbele ya mashahidi kwamba kijana atakuwa nje miezi kadhaa, chombo kipewe mwingine kwa muda huo. Sisi hatukufanya hivyo. Tulimficha yule mwenye baiskeli mpaka alipokuja mwenyewe mlangoni.

Mdogo wangu leo ni fundi wa baiskeli, huketi kwenye kiti kirefu akiwa amenyoosha mguu ule. Bado linamuuma wakati wa baridi. Miaka michache iliyopita hatimaye alianza yale mazoezi ya kisigino na kukaza paja, akiwa mtu mzima mwenye watoto, na goti likaacha kumtoka anaposhuka ngazi.

Swali ambalo akina mama huniuliza zaidi ni kama kijana ataweza kupiga magoti tena, kanisani au anapopukuchua mahindi. Wengi huweza. Aanze baada ya uvimbe kwisha, juu ya gunia lililokunjwa, dakika moja kwanza, akiwa ameshika benchi.